Usiku wa Retinoli na Usiku wa Kupumzika

Wa shikamoo, shikamooni. Rika langu na wadogo zangu, hamjambo? Namshukuru mwenyekiti kwa kunitambulisha kwa maneno matamu kuliko ninavyostahili, ila nimsahihishe kidogo: mimi si daktari wa ngozi. Mimi ni mfamasia. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba mteja wa vipodozi haniulizi kitu fulani kinafanyaje kazi. Ananiuliza, "Ipi kali?"

Kwenye retinoli, swali hilo linaunguza watu. Na mtu wa kwanza kuunguzwa nalo ninayemfahamu vizuri ni huyu anayezungumza nanyi.

Nilikuwa na miaka 32, nina chunusi za kidevuni zisizokwisha na mistari miwili ya kwanza kwenye paji la uso. Nikachukua krimu ya retinoli ya asilimia 1, ile ya juu kabisa kwenye rafu, nikapaka usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya. Nikajiambia, kumbe ngozi yangu sugu. Usiku wa nne nikazidisha. Asubuhi ya siku ya sita nikanawa uso kwa maji matupu, na maji yale yakawasha kama yametiwa pilipili. Pembe za pua zilikuwa zimekakamaa na kung'aa kama karatasi ya nailoni, na nilipojaribu kutabasamu kwenye kioo, kona ya mdomo ikachanika. Mfamasia mzima, cheti kimetundikwa ukutani! (Vicheko.) Wekundu hauonekani sana kwenye ngozi kama yangu, lakini kilichofuata kilionekana: madoa mawili ya kahawia pembeni mwa mdomo, yakakaa miezi saba. Zile chunusi nilizokuwa nazikimbiza zingekauka zenyewe ndani ya wiki mbili.

Tangu hapo, mtu akiniuliza ipi kali, na mimi namuuliza: ni ipi utakayoweza kuipaka mwaka mzima bila uso wako kulalamika?

Tuanze na kitu chenyewe. Retinoli ni vitamini A. Si jamaa yake, si mfano wake, ni yenyewe katika mojawapo ya sura zake. Vitamini hiyo imejulikana tangu 1913, na mkemia wa Uswisi, Paul Karrer, alilifumbua umbo la molekuli yake mwaka 1931. Miaka sita baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo msidanganywe na vifungashio vinavyong'aa. Hiki si kitu cha jana.

Ukiipaka, ngozi haiwezi kuitumia ilivyo. Huigeuza kwanza iwe retinali, kisha retinali nayo inageuzwa iwe asidi ya retinoiki. Ni asidi hiyo ndiyo inayoingia mpaka kwenye kiini cha seli na kukamata vipokezi vinavyoamua jeni gani ziwake na zipi zizime. Kila hatua, kiasi fulani hupotea njiani. Ndiyo maana retinoli huenda pole pole. Retinali, iliyobakiza hatua moja tu, ina nguvu kuliko retinoli. Mkiona kwenye lebo retinili palmitati, hiyo imeanzia nyuma zaidi, ni pole mno. Na ile tretinoini ambayo katika nchi nyingi huandikwa na daktari ndiyo asidi yenyewe, imeshafika, haihitaji kugeuzwa. Mtu anayetoka kwenye losheni ya kawaida na kurukia tretinoini ya rafiki yake ananishangaza kila nikimwona, na ninamwona karibu kila wiki.

Asidi hiyo ikishafika inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni huku juu. Seli za tabaka la juu la ngozi huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufa na kubanduka. Kwa kijana safari hiyo ni ya wiki nne hivi, na huwa ndefu zaidi kadiri umri unavyosogea. Asidi ya retinoiki huiharakisha, na huzuia seli zilizokufa zisigandane na kuziba vitundu vya vinyweleo, pale pale chunusi zinapoanzia. Kazi ya pili iko chini, kwenye tabaka la ndani. Mwanga wa jua huamsha vimeng'enya vinavyoila kolajeni, na kolajeni ndiyo inayoifanya ngozi iwe imara isilegee. Asidi hii huvituliza vimeng'enya hivyo na kuisukuma ngozi itengeneze kolajeni mpya. Kazi ya juu huonekana ndani ya wiki kadhaa. Ya chini ni ya miezi.

Habari ya kolajeni ilijulikana kwa kupitia mlango wa uani. Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa akiitumia tretinoini kwa chunusi, na Marekani ikaiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1971. Wanawake wa makamo waliokuwa wakiitumia wakaanza kumwambia: daktari, chunusi zimepungua, lakini mbona na mikunjo imefifia? Mwaka 1986 yeye na wenzake wakachapisha utafiti juu ya ngozi iliyozeeshwa na jua. Wengi huishia hapo. Mimi sipendi kuisimulia nusu. Kligman huyo huyo aliendesha majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974, na wengi wao walikuwa watu weusi. Chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021, yeye akiwa ameshafariki. Kwa hiyo migongo ya watu weusi ilikuwa darasa, halafu mkifungua matangazo, picha za "kabla" na "baada" nyingi ni za ngozi nyeupe. Mnisamehe, hilo huwa linanikereketa.

Na halikereketi kwa sababu ya historia peke yake. Ngozi nyeusi ikiumizwa, hujibu kwa kumwaga melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake. Ndiyo yale madoa yangu ya miezi saba. Mwenzetu mwenye ngozi nyeupe akijiunguza kwa retinoli atakuwa mwekundu wiki moja, atapumzika, yamekwisha. Mweusi akijiunguza kiasi kile kile, atabaki na ramani usoni. Basi sisi tuna sababu kubwa zaidi ya kwenda taratibu. Wakati huo huo tuna sababu kubwa zaidi ya kuitaka, maana ikitumiwa vizuri retinoli husaidia kufifisha madoa yaliyoachwa na chunusi. Si krimu ya kujichubua, naomba hilo lieleweke. Haibadilishi rangi uliyozaliwa nayo. Krimu ikikuahidi weupe huku imeandikwa retinoli, rudisha rafuni, kwa sababu hujui kingine kilichomo.

Sasa utaratibu wenyewe.

Kabla ya retinoli kuna vitu vitatu: kisafisha uso kisichokausha, krimu ya kutia unyevu unayoipenda, na kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, SPF ikiwa kipimo cha nguvu ya kinga hiyo. Nina sharti moja ambalo wateja wangu wanalijua na wengine wananinunia kwa ajili yake. Kama hujawahi kupaka kinga ya jua wiki mbili mfululizo bila kuruka siku, retinoli isubiri. Ngozi inayojibadilisha upesi huwa dhaifu mbele ya jua, na hakuna maana ya kujenga kolajeni usiku ili jua liibomoe mchana. Nikiwa na pesa ya kimoja tu, retinoli au kinga ya jua, nachukua kinga ya jua, sifikirii mara mbili. Na wenye ngozi nyeusi, msiniambie melanini inatosha. Inasaidia, lakini hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa kwenye ngozi zetu. Kwa hilo, kinga za jua zenye rangi, zile zilizotiwa oksidi za chuma, ni bora kuliko zisizo na rangi.

Sogeeni mbele kidogo mnione. Hiki ni kidole changu cha shahada. Nakamua... basi. Mmeona? Punje ya njegere. Hiki ni cha uso mzima. Najua mnachowaza, mnadhani nabana matumizi. Naweka nukta moja paji la uso, moja kila shavu, moja kidevuni, halafu nasambaza kuelekea nje. Sifiki kwenye kope, sifiki kwenye pembe za pua, sifiki kwenye kona za mdomo, kwa sababu mikunjo hiyo hukusanya krimu, na ndiyo iliyonichanikia. Ukiongeza kiasi huongezi matokeo, unaongeza kubabuka tu.

Uso uwe umekauka. Ukishanawa, subiri dakika kumi, ishirini. Ngozi yenye majimaji hunyonya zaidi, na mwanzoni hatutaki inyonye zaidi. Anayeanza namshauri apake krimu ya unyevu kwanza, kisha retinoli, kisha krimu tena juu yake. Nguvu inapungua kidogo, ndiyo, na ndicho tunachokitafuta. Ngozi ikishazoea unaondoa krimu ya chini.

Na ratiba. Mwezi wa kwanza, usiku mara mbili kwa wiki: tuseme Jumatatu na Alhamisi. Siku zilizobaki ni krimu ya unyevu tu, na siku hizo hazijapotea. Retinoli uliyopaka Jumatatu bado inafanya kazi Jumanne wewe ukidhani umepumzika; mabadiliko kwenye seli hayaishi kwa kunawa uso. Usiku wa kupumzika ndio tabaka la juu linapojikarabati. Mwezi wa pili, kama uso umetulia, ongeza usiku mmoja. Baada ya hapo usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Wapo wanaofika kila usiku, wapo wasiofika kamwe, na hakuna anayegawa medali. Mimi naishia usiku nne kwa wiki, na krimu ya asilimia 0.3, mwaka wa tisa sasa. Ile ya asilimia 1 niliitupa.

Usiku wa retinoli uwe wa retinoli peke yake. Asidi za kubandua ngozi, kama glaikoliki na salisiliki, zipangie usiku mwingine au uziweke kando kabisa miezi ya mwanzo. Peroksaidi ya benzoili, kama unaitumia kwa chunusi, ipake asubuhi. Vitamini C nayo asubuhi. Niasinamaidi, ambayo ni vitamini B3, haigombani na mtu. Vile vya kusugulia vyenye chembechembe, mimi ningesema hata usivirudie tena. Na dada zangu, na kaka zangu siku hizi, mnaotoa nywele za uso kwa nta: simamisheni retinoli angalau wiki moja kabla. Nimemwona msichana ambaye nta ilitoka na ngozi ya juu ya mdomo. Alikuwa amekuja kwangu kuuliza kama kuna krimu ya kuirudisha.

Watu huniuliza watajuaje kama ngozi inazoea au inaumia. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa au wanapojiharibu. Kuna kukauka kidogo, magamba madogo kuzunguka kidevu, uso kuvuta ukishanawa. Hayo ni ya kawaida wiki za kwanza. Punguza usiku, ongeza krimu, endelea. Kuna pia chunusi kufumuka. Retinoli inaharakisha vile vitundu vilivyokuwa vimeshaziba chini kwa chini, vinatoka vyote kwa mpigo. Zikitokea mahali ambapo huwa unapata chunusi siku zote, na zikawa zinapungua kufikia wiki ya sita au ya nane, vumilia. Zikitokea mahali pageni kabisa, ambapo hujawahi kuota hata kipele, huenda si retinoli inayosafisha. Huenda krimu yenyewe inakuziba au inakudhuru. Halafu kuna kuumia kwenyewe: maji matupu yanawasha, ngozi inang'aa huku imekauka, krimu yako ya kila siku inachoma. Hapo unasimama. Si kupunguza, ni kusimama, mpaka uso uwe kimya kabisa, na kisha siku kadhaa zaidi. Mimi siku ile ya sita nilipaka tena jioni, nikidhani nimalizie. Sina hakika nilikuwa namalizia nini.

Kuhusu asilimia nisiwachoshe. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka kikomo: asilimia 0.3 ya retinoli kwa bidhaa za uso, na 0.05 kwa losheni za mwili. Wengi walisoma habari hiyo wakadhani retinoli imegundulika kuwa sumu ya ngozi. Hapana. Hesabu yao ilikuwa juu ya vitamini A yote inayoingia mwilini, ya kwenye chakula, ya vidonge na ya kupaka, ili jumla isizidi. Kwangu mimi kikomo hicho kinatosha kabisa. Anayeanza achukue 0.1 au 0.2 na asione aibu.

Angalieni na chombo kuliko asilimia. Hii chupa inayozunguka, naomba kila mmoja aichungulie. Ilikuwa seramu ya manjano hafifu nilipoifungua. Sasa ina rangi ya chai ya rangi. Ni chupa angavu yenye kifuniko cha kudondoshea matone, na niliiacha dirishani kwa makusudi ili niwaletee. Hewa na mwanga huivunja retinoli. Hii mliyoshika haina kazi tena ila kuwasha. Nunueni ya kwenye tyubu ya alumini au ya pampu isiyoingiza hewa, muiweke kabatini. Na sababu moja ya kuipaka usiku ni hiyo hiyo ya mwanga.

Mjamzito asitumie. Anayetafuta mimba naye aache. Ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, lakini isotretinoini, ndugu yake wa kumeza anayeandikwa kwa chunusi kali, inajulikana wazi kwamba huleta ulemavu mkubwa kwa mtoto tumboni, na hakuna daktari atakayekubali kubahatisha na familia nzima ya dawa hizi kwa ajili ya mikunjo. Anayenyonyesha aulize kwanza. Mwenye pumu ya ngozi au uso uliochanika, atibu hayo kabla.

Na muda. Wa chunusi wajipe wiki nane hadi kumi na mbili. Wa madoa na mikunjo wajipe miezi sita, na wapige picha, dirisha lile lile, saa ile ile, kwa sababu kioo cha kila siku hakionyeshi kitu kinachobadilika pole pole hivyo. Mmoja wa wateja wangu alirudi baada ya miezi mitano kurudisha tyubu, akidai haifanyi kazi. Nikamwambia nionyeshe picha ya kwanza kwenye simu yako. Akaitazama muda. Akairudisha tyubu kwenye mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Shikamoo.

Mama anauliza: ana miaka 74, mwanawe amemwambia amechelewa, retinoli ni ya vijana. Kweli?

Mama, swali lako limeshajibiwa na watu wanaokuzidi umri. Mwaka 2007 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa wazee 36. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 87. Waliwapaka losheni ya retinoli ya asilimia 0.4 upande wa ndani wa mkono mmoja, huku juu karibu na kwapa, na losheni isiyo na retinoli kwenye mkono wa pili, hadi mara tatu kwa wiki, wiki 24. Mkono wa retinoli ulipungua mikunjo myembamba, na ngozi yake ikaonekana kutengeneza kolajeni mpya. Ni mahali ambapo jua halifiki, kwa hiyo ilikuwa ngozi iliyozeeka kwa miaka tu. Na ona, ni mara tatu kwa wiki, si kila usiku.

Ngozi ya umri wako ni nyembamba na kavu kuliko ya hawa mabinti, kwa hiyo anza na usiku mmoja kwa wiki, nusu ya hiki nilichokamua, katikati ya krimu mbili. Ukiona uso umetulia mwezi mzima, njoo tuongeze. Na huyo mwanao anayesema umechelewa, mama, njoo naye. Nataka kumuuliza kama leo asubuhi alipaka kinga ya jua.